Mshahara Uliozidi: Miaka Mia Mbili ya Kudaiana

Mwaka 1821 Meja Skyring wa kikosi cha mizinga cha Uingereza alipewa habari chungu: sehemu ya mshahara aliokuwa akiupokea kwa miaka kadhaa haikuwa haki yake, na sasa angekatwa. Enzi hizo ofisa wa jeshi hakulipwa moja kwa moja na serikali. Mshahara ulipitia kwa mawakala wa kibiashara, nao walimfungulia kila ofisa hesabu katika vitabu vyao, wakaingiza kinachomstahili, naye akawa anachota kidogo kidogo kadiri ya shida zake. Mawakala wa Skyring walikuwa Greenwood na Cox wa London.

Kilichoifanya kesi hii ikumbukwe hadi leo ni tarehe moja. Tangu mwaka 1816 mawakala hao walikuwa wameshaelezwa na bodi iliyosimamia mizinga kwamba nyongeza fulani ya mshahara isilipwe kwa maofisa wa daraja lake. Hawakumwambia. Wakaendelea kuiingiza nyongeza ile katika hesabu yake mwaka baada ya mwaka, na meja, asiyejua lolote, akaendelea kuchota na kutumia. Habari zilipomfikia, fedha zilikuwa zimekwenda zamani.

Skyring alifariki kabla ya shauri kuamuliwa, na msimamizi wa mirathi yake ndiye aliyedai fedha zilizozuiwa na mawakala. Mwaka 1825 Jaji Mkuu Abbott na wenzake walimpa ushindi. Hoja yao ingeeleweka na kila mtu anayeishi kwa mshahara: mtu hupanga maisha yake kwa kadiri ya kipato anachoamini kuwa nacho. Pango la nyumba, ada za watoto, nguo, chakula, vyote hupimwa kwa kiasi kile kinachoingia. Anayemwacha mwenzake aishi miaka yote hiyo kwa kipimo kisicho sahihi, ilhali yeye mwenyewe anakijua kilicho sahihi, hawezi kuja baadaye kumtaka arudishe.

Kama sheria ingeishia hapo, wafanyakazi wengi wangelala usingizi mzuri. Haikuishia hapo. Miaka 16 baadaye, mwaka 1841, ilikuja kesi ya Kelly na Solari, ambayo haikuhusu mshahara hata kidogo ila bima ya maisha. Mume alifariki akiwa hajalipa mchango wake wa mwisho, hivyo bima ilikuwa imekufa. Wakurugenzi wa kampuni walishaambiwa hivyo, na neno la kuonyesha kwamba imekwisha liliandikwa kwenye hati yenyewe. Wakasahau, wakamlipa mjane zaidi ya pauni 190. Walipokumbuka, wakadai fedha zao. Baron Parke na majaji wenzake wakasema kwamba aliyelipa kwa kukosea ukweli wa mambo anaweza kudai arudishiwe, hata kama kosa ni la uzembe wake mwenyewe. Kosa lazima liwe la kweli, basi.

Hukumu hiyo ndiyo silaha ya kila mwajiri mpaka leo. Mfanyakazi anaposema, "Lakini mliokosea ni ninyi," jibu la sheria kwa karibu karne mbili limekuwa kwamba uzembe wa mlipaji peke yake hauzibi njia ya kudai. Jibu hilo linauma, hasa kwa mtu ambaye angechelewa kazini nusu saa tu angekatwa, na anaona kosa la ofisi ya mishahara likifutwa kama chaki ubaoni. Lakini halikosi mantiki, kwa kuwa fedha iliyokuja kwa bahati mbaya haigeuki zawadi eti kwa sababu aliyeituma alisinzia. Tatizo huanza pale mpokeaji anapokuwa ameshaitumia kwa nia njema.

Kulikuwa na uchochoro mmoja. Mwaka 1802, katika kesi ya Bilbie na Lumley, Lord Ellenborough alikuwa ameamua kwamba aliyekosea sheria, si ukweli wa mambo, hana dai, kwani kila mtu huhesabiwa kuwa anaijua sheria. Hivyo kwa zaidi ya karne moja na nusu mawakili wa wafanyakazi walijitahidi kuonyesha kwamba mwajiri hakukosea hesabu, alikosea kuzisoma kanuni za malipo. Mwaka 1923 ofisa mmoja wa zamani wa jeshi la anga la Uingereza, aliyelipwa kiinua mgongo kikubwa kuliko stahili yake baada ya vita, alishinda kwa hoja hiyo pamoja na ile ya Skyring. Alipodaiwa mara ya kwanza alijibu kwa barua kwamba alistahili. Wadai wakakaa kimya, naye akaona yamekwisha, akazitumia fedha.

Dereva wa gari la wagonjwa wa Halmashauri ya London hakuwa na bahati hiyo. Wakati wa Vita ya Pili ya Dunia halmashauri iliahidi kuwafidia watumishi wake walioingia jeshini tofauti kati ya mshahara wa jeshi na ule wa kazi yao ya awali. Sharti lilikuwa moja: jeshi likikupandishia mshahara, toa taarifa. Dereva huyo hakutoa taarifa ipasavyo, akalipwa zaidi, na mwaka 1949 mahakama iliyokuwa na Jaji Denning ndani yake ikampa mwajiri haki. Alishindwa kwa sababu kosa lilianzia kwake. Ukizisoma kesi hizi kwa pamoja, unaona kwamba swali lililowashughulisha majaji kuliko yote ni nani alijua, na aliyejua alisema lini.

Kesi iliyolibana swali hilo zaidi ilimhusu mwalimu wa halmashauri ya Avon, magharibi mwa Uingereza, na ikaamuliwa na Mahakama ya Rufani mwaka 1983. Mwalimu aliumia, akakaa nje ya kazi muda mrefu. Kwa masharti yake, mshahara ulipaswa kupungua kadiri ugonjwa ulivyoendelea, lakini ofisi ya mishahara haikupunguza sawasawa. Akalipwa zaidi kwa pauni 1,007 na peni kadhaa. Alinunua suti. Aliingia mkataba wa kununua gari kwa awamu. Na hili la tatu linagusa zaidi: aliacha kuomba msaada wa serikali ambao angepewa kama angejua kwamba kipato chake halisi ni kidogo. Katika utetezi wake alionyesha matumizi na hasara ya pauni 546, yaani kama nusu tu ya deni.

Jaji wa kwanza aliigawa: nusu iliyotumika ibaki, nusu nyingine irudi. Mahakama ya Rufani ikakataa kugawa. Ikasema mwajiri aliyemhakikishia mtumishi kwamba fedha ni zake, na mtumishi akabadilisha maisha yake kwa kuamini hivyo, hawezi kuligeuka neno lake hata kwa senti moja. Mwalimu akabaki na zote. Uamuzi wa jaji wa kwanza ulikuwa wa haki zaidi kwa pande zote mbili, na sheria yenyewe ilisogea upande huo: mwaka 1991 Baraza la Malodi, mahakama ya juu kabisa ya Uingereza wakati huo, lilikubali rasmi kwamba mpokeaji wa nia njema ambaye hali yake imebadilika hurudisha kile tu ambacho kukirudisha si dhuluma. Mwaka 1998 baraza hilohilo likauziba ule uchochoro wa 1802.

Afrika Mashariki iliingia katika habari hii kupitia India. Waingereza walileta huku Sheria ya Mikataba ya India ya mwaka 1872, ambayo kifungu chake cha 72 kinasema kwa ufupi kwamba aliyelipwa kwa makosa lazima arudishe. Kifungu hakitenganishi kosa la sheria na kosa la ukweli, na mwaka 1949 Baraza la Faragha mjini London, likisikiliza rufaa kutoka India, lilithibitisha kwamba yote mawili yamo. Ina maana uchochoro uliozibwa Uingereza mwaka 1998 ulikuwa umeshazibwa kwa sheria hii karibu nusu karne kabla. Mwaka 1961 Kenya iliiacha sheria ya India ikashika ya Kiingereza. Tanganyika mwaka huohuo ilitunga sheria yake ya mikataba, lakini kifungu cha 72 ikakibakiza.

Leo Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007 inamruhusu mwajiri kukata kiasi kilicholipwa kimakosa juu ya mshahara halali, ila jumla ya makato yote kwa wakati mmoja isizidi theluthi mbili ya mshahara. Tanzania, kwa Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, inamkataza mwajiri kumtaka mfanyakazi arudishe mshahara, isipokuwa uliozidi kwa kosa la kukokotoa.

Kukokotoa huko kwenyewe ni uwanja wa mapambano, kama Kanada ilivyoona baada ya serikali yake kuu kuwasha mfumo wa mishahara uitwao Phoenix mwaka 2016. Wapo watumishi waliokaa bila mshahara, na wapo waliolipwa zaidi. Aliyezidishiwa mwaka uliotangulia alidaiwa kiasi chote kabla ya kodi, pamoja na fedha ambazo hakuzishika kamwe kwa kuwa zilikwenda moja kwa moja kwa mamlaka ya mapato, kisha yeye ndiye azifuatilie huko. Mwaka 2019 serikali ilibadilisha utaratibu ili mtumishi aweze kurudisha kile tu kilichofika mikononi mwake.