Wanyama Walao Wenzao katika Chombo Kimoja

Tutazame jinsi watu walivyoanza kuiweka bahari ndani ya nyumba. Mwaka 1846 Bibi Anna Thynne alichukua matumbawe hai toka pwani ya Torquay, akayapeleka kwake London. Maji ya bahari yalikuwa machache. Basi mtumishi wake aliyamimina toka chombo hata chombo mbele ya dirisha, yapate hewa. Baadaye bibi akatia mwani, nao ukasaidia kuyahifadhi.

Mwaka 1854 Philip Henry Gosse alitoa kitabu The Aquarium, na Waingereza wengi wakataka sanduku la kioo nyumbani. Wakaweka humo kaa na anemoni pamoja. Hapo ndipo taabu ilipo, maana wote hula nyama. Baharini mnyonge hujificha mwambani. Katika sanduku dogo hana pa kukimbilia. Tena mzoga uliosahauliwa huoza, maji huharibika, na yule aliyeshinda hufa naye.

Tusimlaumu kaa, kwani hufuata maumbile yake. Aliyemfunga ndiye apasaye kupima nafasi, na kuwatenga walao wenzao.