Bahari, Ubeti na Mhusika

Mwanafunzi wa fasihi hufunzwa istilahi kama afunzwavyo majina ya mifupa: mandhari ni hii, dhamira ni ile, mhusika ni yule. Hukariri, hujibu mtihani, akasahau. Asichoambiwa ni kwamba maneno hayo yalikuwa na kazi nyingine kabla ya kushikwa na wahakiki, na kwamba ugomvi mkubwa wa ushairi wa Kiswahili katika karne ya 20 ulikuwa, kwa kiasi kikubwa, ugomvi wa maana ya neno moja: shairi.

Katika karne ya 8, al-Khalil bin Ahmad al-Farahidi, mzaliwa wa Omani aliyesomesha Basra, alizipanga mizani za ushairi wa Kiarabu katika bahari 15. Ya 16 iliongezwa baadaye. Msamiati wa elimu hiyo ulitoka hemani. Bayt ni nyumba, watad ni kigingi, sabab ni kamba (ndiyo sababu hii tuitumiayo kila siku kwa maana ya chanzo). Bayt ya Waarabu ni mstari mmoja wenye nusu mbili. Ilipotua pwani yetu ikavaa kiambishi, ikawa ubeti, na nyumba ikaongezwa vyumba: fungu zima la mishororo, aghalabu minne. Bahari, ambayo kwa Waarabu ni mpango wa silabi ndefu na fupi, kwetu ikawa aina ya utungo. Utenzi ni bahari, wimbo ni bahari. Na kwa kuwa silabi za Kiswahili hazigawiki kwa urefu na ufupi kama za Kiarabu, mizani ikawa hesabu ya silabi: 8 katika kipande, 16 katika mshororo wa shairi lililozoeleka.

Haya hayakuwa makosa ya kusikia. Watunzi walilitwaa neno wakalipa kazi waliyokuwa nayo. Palipokuwa na la kwao hawakuazima: ukwapi, utao, kituo, kibwagizo. Hili la mwisho lina kubwaga ndani yake, kama mchukuzi atuavyo mzigo.

Mwaka 1954 Sheikh Kaluta Amri Abedi alichapisha *Sheria za Kutunga Mashairi na Diwani ya Amri*, na vina na mizani vikawa ndio mlango. Miaka 20 baadaye Euphrase Kezilahabi, mtu wa kisiwa cha Ukerewe, akaingia na *Kichomi* bila kubisha hodi. Mabishano yakawaka. Walioulinda mlango walikuwa na hoja isiyostahili kudharauliwa: shairi lilikuwa la kuimbwa, na mizani ikipungua sauti hukwama. Mulokozi na Kahigi, katika *Kunga za Ushairi na Diwani Yetu* (1979), waliona kwamba vina na mizani si roho ya ushairi. Ibrahim Noor Shariff akakiita kitabu chake cha 1988 *Tungo Zetu: Msingi wa Mashairi na Tungo Nyinginezo*, jina lenyewe latenga shairi na utungo, na lau utengano huo ungezingatiwa mapema, wino mwingi ungesalimika. Hoja dhaifu kuliko zote ilikuwa ile ya kwamba neno la wazee halibadiliki. Ubeti ulikwisha kubadilika mikononi mwa wazee hao hao.

Istilahi za hadithi za kubuni hazikupiganiwa hivyo, na labda ndiyo maana hazichunguzwi. Riwaya, kwa asili yake ya Kiarabu, ni kupokea na kusimulia. Rawi alihifadhi mashairi ya mwenziwe akayafikisha. Leo riwaya ni kazi ya mbuni mmoja, anayedaiwa upya wake. Mandhari ni kitazamwacho, na neno hilo limewapoteza wengi: wakiulizwa mandhari ya *Nyota ya Rehema* (1976) ya Mohamed Suleiman Mohamed, hutaja mashamba na miti. Lakini mandhari yake ni pia milki na nasaba, Unguja ya kabla ya Mapinduzi ya 1964, ambamo rangi ya mtoto yaweza kumtenga na baba yake.

Neno mhusika ndilo lenye utajiri zaidi. Limetokana na kuhusu. Tangazo la ofisini likisema "wahusika wote", kila mtu hujua anaitwa nani: yule ambaye jambo linamgusa. Vitabu vya mitihani huanza na orodha ya sifa, mpole, jasiri, mvumilivu. Neno lenyewe laanzia kwingine. Swali la kwanza juu ya Rehema ni jambo gani linamhusu, na ni nani aliyelifanya limhusu.