Maji Yaliyofanya Kazi Mara Tatu

Baba alikuwa fundi wa mitambo katika kituo cha umeme wa maji cha Nyumba ya Mungu. Shule zikifungwa nilimfuata kituoni, na kabla ya kunionyesha mashine alinionyesha maji yakitoka. "Haya bado yana kazi," alisema. "Yanakwenda Hale, kisha Pangani."

Kituo chake kilianza kufua umeme mwaka 1968, megawati 8 tu. Hale kilitangulia mwaka 1964, na bwawa letu lilijengwa pia ili walio chini wasikaukiwe kiangazi. Mlimani kwa bibi hesabu ilikuwa ileile: maji ya kijito yalikusanywa usiku ndivani, yaani kwenye bwawa dogo la kijiji, asubuhi yakafunguliwa mashambani kwa zamu. Tope likijaa, tuliitwa msaragambo, kazi ya pamoja ya kijiji.

Nilikuja kuandika programu za darubini ya redio ya LOFAR, Uholanzi. Antena zake ni maelfu, nazo hazitoi picha mpaka kompyuta ilinganishe mawimbi ya kila jozi ya vituo. Vituo 40 vina jozi 780. Ukivifikisha 80, jozi ni 3,160. Umeme hupotelea hapo.

Kwa kazi hiyo, mwaka 2005 waliotutangulia walifunga mjini Groningen kompyuta ya Blue Gene/L, yenye prosesa zaidi ya 12,000. Kila moja ilikwenda megahezi 700, wakati kompyuta za mezani zilishapita 3,000. Polepole ile ilikusudiwa: prosesa ikikimbizwa hudai volti zaidi, na volti zikiongezeka mara mbili umeme unaoliwa huongezeka mara nne, hata kabla ya kuhesabu kasi yenyewe. Nauheshimu sana uamuzi huo. Mwaka 2008 ikaja Blue Gene/P, na mwaka 2014 kazi ikahamia COBALT, mtambo wa kadi za michoro, jamii ya zile za michezo ya video.

Kadi hizo zilitufundisha jambo ambalo baba angelielewa papo hapo. Kuileta namba kutoka memori hadi kwenye prosesa hula umeme mwingi kuliko kuizidisha. Kwa hiyo namba ikishafika tunaishikilia, tunaizidisha na za vituo vingine kadhaa, ndipo tunaiachia. Programu ya ovyo huiita namba ileile upya kwa kila jozi, kama mtu anayefungulia bwawa zima kwa ajili ya mashine moja.

Walimu wa kompyuta wa kwetu Same na Mwanga, nawaomba: mwanafunzi akileta programu inayotoa jibu sahihi, msimpe alama zote bado. Muulizeni kila namba aliyoiita imefanya kazi mara ngapi.