Kanjo Ilikufa 2013, Mbona Bado Tunaikimbia?

Wasee, kuna neno limekataa kuzikwa mtaani: kanjo. Kisheria, Baraza la Jiji la Nairobi lilikwisha baada ya uchaguzi wa Machi 4, 2013. Kaunti ikarithi kila kitu, kuanzia City Hall hadi madeni. Lakini simama pale 46 jioni, mtu mmoja aseme tu "kanjo!" uone vile mama mboga na wauza soksi wanavyokunja mali. Hata mtoto wa gredi ya tatu, ambaye hakuzaliwa baraza likiwepo, anajua akimbie wapi.

Swali langu ni hili: mbona sisi wa Kawangware tunaijua serikali ya mtaa kama mkono wa kuchukua tu? Wengi watajibu ni wizi. Wizi upo, sibishi. Lakini kuna sababu ya zamani kuliko wezi wote unaowajua, na ni habari ya nani analipa na nani anasikizwa. Chuo niliacha, kusoma sikuacha, kwa hivyo nivumilie kidogo.

Nairobi ilianza 1899 kama kituo cha reli. Ilipofika 1919 ikapewa baraza la manispaa. Pesa ya baraza ilitegemea sana kodi ya ardhi: mwenye kiwanja analipa kulingana na thamani ya kiwanja chake. Sasa nani alikuwa na viwanja? Wazungu na Wahindi. Kwa hivyo barabara, taa na mabomba vilienda kwao, na Wazungu ndio walioshika viti vingi. Miaka ya 1920 hakukuwa na diwani Mwafrika hata mmoja. Hoja ilikuwa rahisi: asiyelipa asiulize.

Lakini Mwafrika alikuwa analipa, tena vizuri. Baraza lilijipa haki ya kuuza pombe ya kienyeji peke yake, pale Pumwani. Faida iliingia kwenye mfuko wa "wenyeji", na huduma nyingi za Waafrika mjini zililipiwa kutoka huko. Mama aliyepika yake nyumbani alikamatwa. Soma hiyo tena polepole: baraza linafanya biashara, linapiga marufuku ya mama, halafu linamtumia askari. Unaona vile hiyo tabia haikuanza na mamboga wa Naivasha Road?

Na Kawangware ilikuwa wapi wakati huo wote? Nje. Dagoretti yote ilikuwa Kiambu, ndani ya rizavu ya Wakikuyu. Mpaka wa jiji ulikomea upande wa Lavington. Huku kwetu ardhi ilikuwa ya familia, na miaka ya 1950 serikali ya mkoloni ilipokusanya mashamba na kutoa hatimiliki, ikawa mali ya mtu binafsi kabisa. Hapo ndipo tunatofautiana na Kibera, ambayo iko kwenye ardhi ya serikali. Hapa kila ploti ina mwenyewe. Mfanyakazi wa mjini aliyetaka chumba cha bei nafuu alikuja huku, na mwenye shamba akaona vyumba vya mabati vinalipa kuliko mahindi.

Mwaka 1963 mpaka ukasongezwa. Nairobi ikaruka kutoka chini ya kilomita za mraba 100 hadi karibu 700, na Dagoretti ikaingia mjini. Kwenye karatasi tukawa watu wa jiji. Lakini jiji lilikuta vyumba vishajengwa na ardhi ishagawanywa. Hakuna aliyekuwa ameacha nafasi ya barabara, shule wala uwanja wa mpira. Ukijiuliza mbona njia ya kwenu haipiti gari la taka, jibu lake lilichorwa kabla babu yako hajaoa.

Baraza nalo likaanza kunyolewa mapato. Kulikuwa na kodi ya kichwa iliyopanda kulingana na kipato cha mtu, na ililipia sehemu kubwa ya huduma za mjini. Serikali kuu ikaifuta mwanzoni mwa miaka ya 1970. Machi 1983 ikavunja baraza lenyewe, ikaweka tume ya kuteuliwa, na Nairobi ikakaa karibu miaka kumi bila madiwani wa kuchaguliwa. Walirudi baada ya uchaguzi wa Desemba 1992. Mwaka 1999 mabaraza yakaanza kupewa asilimia 5 ya kodi ya mapato, afueni kidogo.

Katiba ya 2010 ikabadilisha mambo. Leo kaunti zote kwa pamoja lazima zigawiwe angalau asilimia 15 ya mapato ya taifa. Mwaka wa fedha 2021/22 Nairobi ilipewa takriban shilingi bilioni 19.2, kuliko kaunti nyingine yoyote. Zile zingine inajitafutia: kodi ya ardhi, maegesho, leseni za biashara, mabango, ada za soko. Halafu Machi 2020 kazi kubwa kubwa, afya na barabara zikiwemo, zikapewa Nairobi Metropolitan Services chini ya jenerali wa jeshi hadi Septemba 2022. Ni 1983 tena, jina tofauti.

Sasa ukisema "mimi sina ploti, silipi kodi ya ardhi", nakukatalia. Mwenye ploti akilipa, anaitoa kwa rent yako. Matatu ikilipia stendi, iko kwa nauli yako. Mama mboga akitozwa, iko kwa sukuma yako. Tunalipa, ila bila risiti yenye majina yetu. Ndio maana ni rahisi kutuchukulia kama wageni wa jiji.

Lakini kuna kitu kimoja ambacho babu zetu hawakuwa nacho. Sauti haiuliziwi tena hatimiliki. Dagoretti Kaskazini ina wadi tano: Kilimani, Kileleshwa, Kawangware, Gatina na Kabiro. Kila moja inapeleka MCA mmoja, mwenye bangaloo na wa mabati sawa. Katiba pia inalazimisha bunge la kaunti lisikize wananchi. Na si maneno matupu. Mwaka 2014 Mahakama Kuu ilitupa sheria ya fedha ya Kiambu, ile ya 2013, kwa sababu watu hawakushirikishwa vya kutosha. Sheria nzima, chini.

Juni 2024 tulijaa barabarani kwa ajili ya Mswada wa Fedha wa taifa. Kila mtu alikuwa na nakala kwa simu. Kaunti nayo ina wake, na ndani mnaandikwa wewe, mathe na meza yake ya nyanya. Makadirio ya bajeti yanafikishwa bungeni kufikia Aprili 30, yanapaswa kupita kabla ya Juni 30, na mswada wa fedha unafuata. Vikao vya umma vinatangazwa kwa gazeti ambalo hakuna msee wa rika letu ananunua. Ukumbini wanakuja wazee kadhaa, wanasaini, wanakunywa soda, basi. Karatasi inasema wananchi walishirikishwa.

Kwa hivyo msimu huu fanyeni hivi. Mmoja wenu kwenye grupu la ploti atafute hati ya bajeti na aangalie mambo mawili tu: soko la mtaa limetengewa ngapi, na ada ya mchuuzi imepanda kwa ngapi. Kama ada imepanda na soko halina kitu, nendeni kikaoni watano, muulize, na mwandike swali lenu kwenye kumbukumbu. Tangazo nikiliona nitaliweka hapa siku hiyo hiyo. Mkiliona kabla yangu, nitumieni.