Upatanisho, na ile s moja ya Kiingereza

Ingia darasa lolote la wanaoanza Kiingereza katika kata ya Simbo, jirani na Ujiji, uandike ubaoni: "My father go to Ujiji." Wengi hawataona tatizo. Sasa andika chini yake: "Kitabu amepotea." Darasa litaangua kicheko, hata yule wa nyuma aliyekuwa anasinzia. Lakini makosa hayo mawili ni ya ukoo mmoja. Yote yamevunja kile ambacho wanasarufi wetu wanakiita upatanisho wa kisarufi.

Upatanisho ni hali ya neno moja katika sentensi kuyalazimisha maneno mengine yachukue umbo linaloendana nalo. "Kitabu kile kikubwa kimepotea": nomino imeanza na ki-, na kila kinachoifuata kimeitika ki-. Ukisema vitabu, mlolongo mzima unageuka: vile, vikubwa, vimepotea. Jambo hili limetapakaa sana katika lugha za Kibantu, kiasi kwamba mmisionari William Boyce alipoandika sarufi ya Kixhosa mwaka 1834 ilimbidi alitungie jina jipya la Kiingereza, kwa sababu katika lugha yake hakuwa na kitu cha namna hiyo kilichoenea kiasi hicho. Sisi tulipata majina yetu baadaye. Ngeli, wanaisimu wengi hueleza, ilichukuliwa kutoka Kihaya, ambako maana yake ni aina. Upatanisho ulitokana na kitenzi chetu wenyewe, patanisha.

Mimi naliona neno hili lina dosari ndogo. Ukisikia upatanisho unafikiria watu wawili waliogombana, na mzee katikati akiwasuluhisha. Katika sentensi hakuna usuluhishi wa namna hiyo. Nomino inaamuru, kitenzi kinatii. Pamoja na hayo sitaki libadilishwe, maana limezaa vizuri: tunasema kiima na kitenzi vinapatana, na ile a- ya anaenda au ki- ya kimepotea tunaiita kipatanishi. Istilahi inayokuwezesha kuunda nyingine bila jasho ni mali.

Turudi kwa baba anayekwenda Ujiji. Mtoto wa Simbo, awe anaongea Kiswahili au Kiha nyumbani, ameujua upatanisho kabla hajajua kushika kalamu. Kinachomkwaza ni uchache wake katika Kiingereza. Sisi tuna ninaenda, unaenda, anaenda, tunaenda, mnaenda, wanaenda: vipatanishi sita kwa nafsi sita. Kiingereza kinasema I go, you go, we go, they go, kitenzi kimesimama vilevile, halafu ghafla kwa nafsi ya tatu umoja peke yake kinadai "goes". Zamani vitenzi vyao vilikuwa na miisho mingi zaidi. Mingi ilipukutika karne kwa karne. Katika Biblia yao ya mwaka 1611 utakuta bado "goeth". Baadaye s iliyotokea kaskazini mwa Uingereza ikachukua nafasi hiyo. Kwa hiyo kile kidudu kinachowapotezea watoto wetu alama ni mabaki ya mfumo uliokwisha kubomoka. Kukisahau si upumbavu.

Tena s hiyo ina hila. Mwalimu amekwisha kufundisha kwamba s ni alama ya wingi: boy, boys. Wiki inayofuata anasema "the boy goes" lakini "the boys go". Mtoto anayefikiri sawasawa ataandika "the boys goes", kwa kuwa wavulana ni wengi na wingi ni s. Hapo kumwambia tu "kosa" hakumsaidii. Aambiwe wazi kwamba hizi ni s mbili tofauti zilizofanana kwa bahati mbaya: ya nomino ni ya wingi, ya kitenzi ni ya umoja.

Liko kosa jingine ambalo walimu wengi hulisahihisha bila kulieleza: "My father he goes to Ujiji." Hili limetoka moja kwa moja kwenye upatanisho wetu. Katika "Baba anaenda" ile a- haiondoki. Huwezi kusema "Baba naenda" ukimaanisha yeye. Mtoto anaitafutia a- yake kazi katika Kiingereza, anaipata katika he. Lakini he ni neno linalosimama peke yake na kushika nafasi ya baba. Akiwapo baba, he hana kiti. Mwonyeshe hilo mara moja, kwa kufuta he ubaoni, kisha uirudishe na ufute My father, na sentensi ibaki nzima kila mara.

Wala tusijidai kwamba kwetu upatanisho hauna vituko. Nenda mwalo wa Kibirizi asubuhi, dagaa wameanikwa, usikilize. Mmoja atasema dagaa wamekauka, mwenzake dagaa zimekauka, na hakuna anayegombana isipokuwa juu ya bei. Wa kwanza anafuata uhai: dagaa ni samaki, samaki ni kiumbe. Wa pili anafuata umbo la nomino, pengine kwa kuwa kilichoko mbele yake sasa ni bidhaa. Kiswahili sanifu kinamuunga mkono wa kwanza, lakini hichohicho kinakubali "rafiki zangu wamefika", ambapo zangu imefuata umbo na wamefika imefuata uhai, ndani ya sentensi moja. Kiingereza nacho kina mivutano hiyohiyo ya umbo na maana. "The news is good" ina s lakini ni umoja. "The police are here" haina s lakini ni wingi. Na fish mmoja ni fish, wengi pia ni fish, kama dagaa wetu. Kitenzi ndicho kinachotoa siri ya idadi.

Mwalimu mwenzangu unayeanza na kidato cha kwanza, ambako masomo karibu yote yanageukia Kiingereza kwa mkupuo, usianze na kanuni ya s. Anza na "Kitabu amepotea", wacheke, uwaulize wamejuaje kuwa ni kosa. Wakishalitaja wenyewe, wape neno upatanisho, ndipo uwaoneshe ulivyo mdogo upande wa pili: hauko baada ya can, will wala must, na katika wakati uliopita umebaki kwa was na were tu.