Adui Aliye Ndani ya Bomba

Mwaka 1972, katika jimbo la Texas, Marekani, hewa ya kaboni dayoksaidi ilianza kupitishwa katika bomba refu la feleji, ili ikasukume mafuta yaliyosalia chini ya ardhi. Mafundi walikwisha jua kwamba hewa hiyo ikiwa kavu haidhuru chuma. Lakini ikikutana na maji huwa asidi, ikala chuma kama mchwa walavyo mti. Kwa hiyo waliikausha kwanza.

Mwaka 2000 bomba jingine, la kilomita 330 hivi, lilianza kazi kutoka North Dakota mpaka Weyburn, Kanada. Hewa yake, iliyotokana na makaa ya mawe, ilichanganyika na gesi ya salfa inukayo kama mayai viza, karibu sehemu 1 katika 100. Gesi hiyo ni sumu, tena penye maji huweza kukifanya chuma kipasuke. Hapo ukavu ulizidi kuwa lazima.

Leo mataifa hutaka kunasa moshi wa viwanda na kuuzika ardhini. Moshi huo huja na uchafu wa namna nyingi, nao ukichanganyika huweza kuzaa asidi kali hata maji yakiwa machache. Basi, ewe msomaji, mjenzi wa bomba asitazame unene wa chuma tu. Na atazame pia kipitacho ndani. Kikulacho ki nguoni mwako.