Timu Moja, Nchi Nne: Safari ya Kriketi ya Afrika Mashariki

Ukitoka Salama ukishuka na barabara ya Mombasa, unapita Sultan Hamud na Emali, kisha unafika Makindu, kwenye hekalu la Masingasinga lililojengwa mwaka 1926. Hadi leo wasafiri hula hapo bila malipo. Hekalu hilo lilijengwa na watu wa reli, na ni wao na jamaa zao waliokuja kuibeba kriketi ya kanda hii. Reli iliyojengwa kati ya 1896 na 1901 iliwaleta vibarua zaidi ya 30,000 kutoka Bara Hindi. Wengi walirudi kwao, lakini waliobaki, na wafanyabiashara wa Kigujarati waliowafuata, walianzisha shule, maduka na vilabu kila mji ulipochipuka.

Mchezo wenyewe uliletwa na maafisa wa kikoloni na walowezi, waliojifungia katika vilabu vya Wazungu peke yao. Wahindi nao wakaunda vyao, mara nyingi kwa kufuata dini na jamaa. Kuanzia miaka ya 1930, pambano lililozungumzwa sana Nairobi lilikuwa la Wazungu dhidi ya Wahindi. Mwafrika hakuwa na upande. Alikata nyasi na kuokota mipira, na kama alikuwa na jicho kali, alijifunzia pembeni ya uwanja.

Katika hali hiyo ndipo ilipozaliwa timu ya pamoja ya Afrika Mashariki, miaka ya 1950. Kenya, Uganda na Tanganyika zilichangia wachezaji, baadaye ikajiunga Zambia. Mwaka 1966 timu hiyo ikakubaliwa kuwa mwanachama mshiriki wa shirikisho la kriketi duniani. Mwaka mmoja baadaye Jumuiya ya Afrika Mashariki iliundwa rasmi, lakini wanakriketi walikuwa wameshatangulia, tena wakiwa na Zambia ndani, nchi ambayo Jumuiya haikuwa nayo.

Kombe la kwanza la dunia lilichezwa Uingereza, Juni 1975. Afrika Kusini ilikuwa imetengwa kwa sababu ya ubaguzi wa rangi, na nafasi mbili za wageni walioalikwa zikaenda kwa Sri Lanka na Afrika Mashariki. Kikosi kilikuwa cha watu 14, saba kati yao wa Kenya, akiwemo nahodha Harilal Shah. Zambia ilitoa watatu, Tanzania wawili, Uganda wawili. Wale wawili wa Uganda, Sam Walusimbi na John Nagenda, ndio pekee waliokuwa Waafrika weusi. Miaka mitatu kabla yake Idi Amin alikuwa amewafukuza Waasia, na kriketi ya Uganda ikapoteza sehemu kubwa ya watu wake kwa siku 90.

Matokeo yanajulikana, na yamechekwa mno. Dhidi ya New Zealand, mpigaji wao Glenn Turner alifunga mikimbio 171 bila kutolewa, na timu yetu ikashindwa kwa 181. India ilishinda bila kupoteza hata wiketi moja. Uingereza ilishinda kwa mikimbio 196. Mimi siwacheki. Hawa walikuwa watu wa ridhaa, wenye kazi zao nyumbani, wakikabili warushaji bora kabisa wa zama hizo. Dhidi ya New Zealand walimaliza ova zote 60, na Frasat Ali akafunga 45. Pale Leeds, Bishan Bedi wa India alirusha ova 12, nane kati yake hazikutoa mkimbio hata mmoja, na kwa jumla alitoa mikimbio sita tu. Mtu akikutupia mipira 72 ya namna hiyo, kusimama tu wiketini ni kazi ya kiume, na Jawahir Shah alisimama mpaka akafikisha 37.

Mmoja wa kikosi hicho, Don Pringle, alifariki katika ajali ya gari mwaka huohuo. Mwanawe Derek, mzaliwa wa Nairobi, aliichezea Uingereza katika fainali ya Kombe la Dunia la 1992. Nagenda naye akawa mwandishi wa riwaya na mshauri wa rais wa Uganda.

Jumuiya ilivunjika mwaka 1977, lakini timu haikuvunjika. Kenya ilijitoa na kupata uanachama wake mwaka 1981, na nchi zilizobaki ziliendelea pamoja. Mwaka 1989 Malawi, Tanzania, Uganda na Zambia zilichukua jina la Afrika Mashariki na Kati, mpaka kila moja ikaenda njia yake.

Kenya peke yake ilipaa. Vijana wa Kiafrika waliokulia kando ya viwanja vya Nairobi sasa walikuwa ndani, wakija ndugu kwa ndugu: akina Tikolo, akina Odumbe, akina Suji, akina Obuya. Februari 29, 1996, katika Kombe la Dunia, mjini Pune, India, timu ya Maurice Odumbe ilitolewa kwa 166, kisha ikaiangusha West Indies kwa kuitoa kwa 93. Sri Lanka, mgeni mwenzetu wa 1975, ilitwaa kombe hilohilo. Katika Kombe la Dunia la 2003 Collins Obuya alichukua wiketi tano dhidi ya Sri Lanka jijini Nairobi, na Kenya ikafika nusu fainali. Baada ya hapo ukaja ugomvi wa mishahara, utawala mbovu na uwekezaji hafifu kwa watoto. Mwaka 2014 Kenya ilipoteza hadhi ya kucheza mechi rasmi za kimataifa za siku moja. Hasara hiyo ilitengenezwa ofisini, si uwanjani.

Mwenge sasa uko Kampala. Juni 2024, nchini Guyana, Uganda iliishinda Papua New Guinea katika Kombe la Dunia la ova 20. Frank Nsubuga, mwenye umri wa miaka 43, alirusha ova zake nne, akatoa mikimbio minne na kuchukua wiketi mbili. Uganda ilipokuwa ikiyumba katika kufukuza 78, Riazat Ali Shah, mzaliwa wa Pakistan, alishika wiketi kwa subira na kufunga 33, akatajwa mchezaji bora wa mechi.